Deraya za kwenye tamthilia zifanye kazi, zisiwe urembo tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niongelee jambo ambalo najua wengi wataliona dogo ila kwangu sio dogo kabisa, nalo ni hizi deraya, yani mavazi ya kujikinga vitani, na nguo za vita kwenye tamthilia za kufikirika, zile za madragoni na wachawi na falme za kutunga. Gazeti lako linaziandika sana hizi tamthilia, nani kafa, nani kaolewa na nani, joka la nani kubwa, sizoni mpya inatoka lini, na mi nasoma zote maana nazipenda toka enzi za Xena. Ila sijawahi kuona mtu anaongelea walichovaa watu wakiwa vitani. Kazi yangu ni kushona maleba, ya vikundi vya ngoma, ya maigizo ya shule, ya makanisa wakati wa Pasaka wakitaka askari wa Kirumi, kwahiyo nikikaa mbele ya skrini jicho linaenda kwenye nguo kwanza kabla hata ya sura ya mtu.

Ninachotaka kusema ni kwamba deraya kwenye hadithi lazima ifanye kazi. Ikipigwa izuie. Isipozuia basi ijulikane kwanini haijazuia, labda upanga umepita kwapani, labda kamba imekatika, labda aliyepiga katumia nyundo. Ila kama kila upanga unapita kwenye chuma na kutokea upande wa pili basi mtazamaji hana tena namna ya kujua nani yuko hatarini na nani yuko salama, na vita yote inabaki kelele tu na damu. Kuna watu wanajibu eti tamthilia yenyewe ina madragoni we unatafuta ukweli gani humo ndani. Jamani, joka tumeombwa tulikubali na tumelikubali kwa moyo mmoja, uchawi pia tumeukubali, lakini hakuna aliyetuomba tukubali kwamba chuma ni karatasi. Mwili wa binadamu humo ndani bado ni mwili, unavuja damu, unachoka, unasikia joto, na ndio maana tunawaogopea hao watu.

Nianze na helmeti maana hapo ndo panaponiuma zaidi. Chukua tamthilia yoyote, jeshi la watu elfu, askari wa nyuma huko wasio na majina wote wana kofia za chuma, alafu stelingi, mrithi wa kiti cha enzi, mtu ambaye akifa leo vita imeisha, ye kichwa wazi nywele zinapepea. Ile vita ya Jon Snow na Ramsay kwenye Game of Thrones mwaka 2016, Jon anasimama peke yake uwanjani, farasi wanamjia mbio jeshi zima, upanga mkononi, kichwani hana kitu. Ni moja ya vita zilizopigwa picha vizuri sana kwenye televisheni na nimeirudia mara nyingi, ila pale nashindwa kumuogopea, maana naona kabisa kinachomkinga ni mwandishi, sio vazi lake.

Sasa angalia vita za kweli. Mfalme Richard wa Tatu wa Uingereza aliuawa vitani Bosworth mwaka 1485, na mwaka 2012 mifupa yake ikafukuliwa chini ya maegesho ya magari mjini Leicester. Wataalamu wakaichunguza na mwaka 2014 wakatoa matokeo, majeraha 11 aliyopata wakati wa kufa, na katika hayo 9 yako kwenye fuvu. Kwenye mikono hawakukuta alama za mtu aliyekuwa anajikinga mapanga, kwahiyo wakaona mwili ulikuwa bado umefunikwa na chuma ila helmeti ilikuwa imeshatoka, ama aliivua ama ilimpotea. Yani mfalme mzima, deraya bora kabisa ya zama zile, kichwa kikabaki wazi wakammalizia hapo hapo. Na kabla yake huko Shrewsbury mwaka 1403 mwana wa mfalme mwenye miaka 16 alipigwa mshale usoni pembeni ya pua ukazama kama sentimita 15 ndani, tabibu mmoja anaitwa John Bradmore ikabidi abuni koleo lake maalum la kuuchomoa na akawa anasafisha kidonda kwa asali, kijana akapona na ndo akaja kuwa Mfalme Henry wa Tano. Fikiria hiyo ingekuwa episodi, mwana wa mfalme kachomwa mshale usoni, tabibu yuko gizani anafua koleo, jeshi linasubiri kama mrithi atapona. Ni hadithi tupu, na imetokea kwasababu tu uso ulikuwa wazi. Hata Goliati kwenye Biblia tunasomewa deraya yake ya shaba ya shekeli elfu tano, chapeo ya shaba, miguuni kakingwa, na jiwe likatafuta palipobaki, likampata kwenye paji la uso. Waliosimulia hiyo habari walijua kabisa kwamba ukishamvika mtu chuma mwili mzima basi habari yote inahamia kwenye ile sehemu ndogo iliyobaki wazi. Kijana yeyote wa bodaboda anajua kichwa ndo cha kwanza, iweje mfalme mwenye mafundi na hazina asijue?

Najua sababu yao. Mwigizaji kalipwa hela nyingi kwa ajili ya sura yake, dairekta anataka tuone macho, na watu wote wakivaa helmeti hatujui nani ni nani. Sababu nzuri ila sio ya mwisho, maana wenzao wameshaonyesha njia. The Mandalorian iliyotoka 2019 sio ya mapanga na farasi, ni ya anga za mbali, lakini stelingi anakaa ndani ya helmeti karibu muda wote na watu dunia nzima wamempenda, wanajua akiwa na huzuni kwa jinsi anavyoinamisha kichwa tu. Na tena kile chuma chake kinafanya kazi, risasi zinagonga zinaruka, na anavyokipata kipande kwa kipande ni sehemu ya hadithi yenyewe. House of the Dragon nayo 2022 kwenye episodi ya kwanza kabisa kuna yale mashindano ya mikuki juu ya farasi, wamejifunika mpaka usoni, Daemon ana helmeti yenye mabawa ya joka, na hakuna mtazamaji aliyepotea pale, kila mtu anamjua nani kaanguka. Ukitaka uso, kuna helmeti zenye kifuniko cha kunyanyua, mtu ananyanyua anaongea anakishusha, na kile kitendo cha kukishusha tu kinakwambia maneno yamekwisha. Sasa ni dairekta gani anayekataa zawadi ya namna hiyo?

Alafu kuna Oberyn wa Game of Thrones, 2014, anapigana na lile jitu linaloitwa Mlima. Kaenda na vazi jepesi na kichwa wazi kwa makusudi kwasababu anategemea mbio na mkuki mrefu, na mwisho wake mnaujua, fuvu lilipasuliwa kwa mikono. Ile sina ugomvi nayo hata kidogo, maana pale kukosa helmeti ni uamuzi wa mhusika, una sababu na una gharama, na gharama tuliiona kwa macho. Ninachokataa ni kichwa wazi ambacho hakimgharimu mtu chochote.

Nije kwenye The Witcher maana hili lilinikera mpaka nikawa namsimulia kila anayekuja dukani. Sizoni ya kwanza ilitoka Desemba 2019, na humo kuna dola inaitwa Nilfgaard, kwenye vitabu vya yule mwandishi wa Poland ndo dola inayotisha kuliko zote, jeshi jeusi linalomeza nchi moja baada ya nyingine. Tukasubiri. Likaja jeshi limevaa kitu cheusi kimejaa mikunjo mwili mzima, kifuani mikunjo, tumboni mikunjo, kichwani mikunjo, huelewi ni ngozi iliyolowa au ni chuma au ni plastiki iliyokaa karibu na moto. Watazamaji wakalalamika kila kona ya mtandao na walikuwa na haki. Mi kama fundi naielewa ile mikunjo, inawezekana mtu aliichora mezani akaona inaleta picha ya kitu kizee chenye laana, na mezani labda ilikuwa nzuri kweli. Ila deraya ya chuma inatakiwa iwe laini na yenye mteremko ili ncha ya mkuki ikigonga iteleze iende pembeni, ndo maana deraya za kweli za karne ya 15 zimechongwa kama zinakwepa, kifua kimetokeza katikati, bega limeviringwa. Sasa ukiweka mikunjo umetengeneza mifereji ya kuidaka ncha na kuiongoza ndani. Na hata mtu asiyejua lolote kuhusu mikuki alihisi kuna kitu hakiko sawa, dola iliyotakiwa kutisha haikutisha, na kila mji ulioanguka mbele yao ukaonekana umeanguka kwa uzembe. Sizoni ya pili ikatoka Desemba 2021 wakawa wameibadilisha, mabamba meusi yaliyonyooka, yenye heshima, na jeshi lile lile la hadithi ile ile likaanza kutisha. Nawapongeza kwa kusikia, wengi hawasikii.

Suala la upanga kukata chuma nalo lazima niliseme vizuri. Deraya ya pete za chuma sio wavu wa kuvulia, kila pete imeunganishwa na nyingine nne na mafundi wa kweli walizipigilia ripiti moja moja. Kwenye Kurani, sura ya 34 inayoitwa Saba', Nabii Daudi analainishiwa chuma na kuambiwa atengeneze deraya na apime sawasawa uunganishaji wake, kwahiyo hata huko kipimo cha pete kimetajwa, maana pete ikiwa kubwa ncha inapita na ikiwa ndogo sana mtu habebi. Ukipiga upanga wa kukata juu yake haikatiki, kinachokuumiza ni mshindo, mfupa unavunjika chini kwa chini. Ndo maana ndani yake mtu alivaa koti nene la nguo tabaka juu ya tabaka, limeshonewa mistari kwa mistari, na hilo koti kwa maoni yangu ndo deraya yenyewe hasa, chuma kinazuia makali ila koti ndo linameza kipigo. Kwenye tamthilia hilo koti halipo kabisa, unaona mtu kavua bamba la kifuani chini kuna shati la kitani jepesi kama la kulalia. Mi nikiona hivyo natamani kuingia kwenye skrini.

Kule Visby, kisiwa cha Gotland kwenye Sweden ya leo, mwaka 1361 jeshi la mfalme wa Denmark liliwachinja wakulima na watu wa pale, wakazikwa kwenye makaburi ya pamoja na wengine wakazikwa na deraya zao, na walipofukuliwa kuna mafuvu yalikutwa bado yamevaa kofia za pete. Na majeraha mengi yako miguuni, chini ya goti, sehemu ambayo deraya zao za zamani hazikufika. Yani hata kwenye maangamizi kama yale unaona kabisa kwamba silaha inatafuta palipo wazi. Hiyo ndo kanuni ya vita yote ya deraya na ndo tamu yake. Walimu wa upanga wa Kijerumani wa karne ya 15 kama Hans Talhoffer waliacha vitabu vya michoro, unaona watu wawili wamevaa chuma mwili mzima, hawachapani kama wanakata miwa, mmoja kashika upanga wake katikati ya bapa kwa mkono wa pili ameufanya kama mkuki mfupi anatafuta kwapa, mwingine kaushika kwa upande wa makali anapigia mpini kama nyundo, wanakabana, wanaangushana, anayelala chini anatafutiwa tundu la jicho kwa kisu. Inatisha mno kuliko kuzungusha panga hewani, na ni ya karibu, unasikia pumzi. Kwanini wasituonyeshe hiyo? Game of Thrones wenyewe sizoni ya kwanza mwaka 2011 walituonyesha kidogo, shujaa Jorah anapigana na Mdothraki, mtu wa lile kabila la wapanda farasi, mwenye lile panga la mundu, panga linampiga kiunoni linanasa kwenye deraya, na kwa sekunde hiyo moja ambayo panga limenasa Jorah anammaliza. Sekunde moja tu lakini toka siku ile ukimuona Jorah kavaa chuma unajua ana kitu ambacho wenzake hawana. Alafu sizoni zilizofuata wakasahau, chuma kikarudi kuwa karatasi.

Kwenye uzito kuna uongo wa aina mbili na yote miwili ipo kwenye runinga. Wa kwanza ni ule wa zamani, eti mtu wa deraya alikuwa hawezi kusimama akianguka, mpaka anyanyuliwe na winchi kupandishwa farasi, hiyo haikuwepo. Deraya kamili ya vitani ya karne ya 15 ilikuwa kama kilo 20 mpaka 25 na imegawanywa mwili mzima, imefungwa kwa vifundo na mikanda kwenye koti la ndani, askari wa leo anabeba zaidi ya hapo mgongoni. Jemadari wa Ufaransa aliyeitwa Boucicaut, aliyekamatwa na Waingereza Agincourt mwaka 1415, anasimuliwa kwamba alikuwa anapiga sarakasi amevaa deraya yote kasoro helmeti. Uongo wa pili ni kinyume chake, mtu anakimbia na deraya kutwa nzima anaruka kuta na hahemi. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leeds waliwavalisha watu nakala za deraya za karne ya 15 wakawaweka kwenye mashine ya kukimbilia, wakakuta kutembea tu kunakula nguvu zaidi ya mara mbili ya kawaida, kwasababu chuma cha miguuni kinanyanyuliwa kila hatua na cha kifuani kinabana pumzi. Kwahiyo ukweli ni kwamba unaweza kufanya kila kitu, ila utachoka haraka. Na hapo ndo penye hadithi! Ile sizoni ya kwanza ya Game of Thrones, Bronn, yule askari wa kukodiwa, anapigana na yule askari wa Vale mwenye deraya kamili, Bronn anamzungusha anamkimbiza mpaka mzee wa watu mikono inakuwa mizito, ndo anampiga. Ile naiheshimu mpaka leo, deraya imekuwa na faida na hasara ndani ya pambano moja.

Kuhusu wanawake nisiwe mrefu ila nisinyamaze. Lile bamba la kifuani lililochongwa matiti mawili ni hatari kwa aliyelivaa, kwasababu kila ncha inayogonga pale badala ya kuteleza nje inateleza ndani, inaenda katikati, juu ya mfupa wa kifua ambapo chini yake kuna moyo. Na akianguka kifudifudi ule mkunjo wa chuma unamgonga pale pale. Kifua cha deraya kilichoviringwa kina nafasi ya kutosha ndani kwa mwanamke yeyote, hakihitaji kuchongwa chochote. Xena niliyempenda utotoni alivaa vile na mapaja wazi, ilikuwa miaka ya 90 na naiacha, ila leo hakuna sababu, maana tumemuona Brienne, yule mwanamke shujaa wa Game of Thrones, deraya yake ya kawaida kabisa, pana, nzito, ina mikwaruzo, na yule mwanamke ana heshima uwanjani ambayo hajapewa mwanamke yeyote aliyevishwa sidiria ya chuma. Wasichana wetu wanaangalia hizi kazi. Mteja mmoja aliniletea picha anataka binti acheze malkia wa vita kwenye igizo la shule na deraya imeacha tumbo wazi, nilikataa, nikamuuliza mkuki ukija tumbo analikinga na nini, tukakubaliana tukafunika, na binti alipendeza kuliko picha.

Najua pia matatizo ya upande wa watengenezaji na siwabezi. Chuma cha kweli kinagonga gonga na maiki inadaka kila mlio, mwigizaji anapikika kwenye taa, watu wa kuanguka kwenye farasi wanaweza kuumia vibaya. Kwahiyo hatudai chuma, tunadai kitu kinachoonekana na kinachotembea kama chuma. Zile sinema za Lord of the Rings za 2001 mpaka 2003 deraya zao za pete nyingi ni mabomba ya plastiki yaliyokatwa vipande vidogo vidogo na kuunganishwa kwa mkono huko New Zealand, pete zaidi ya milioni 12, na mpaka leo ukiangalia unaona chuma. Makoti ya wale walinzi wa Ukuta kwenye Game of Thrones, mbunifu wao Michele Clapton alisema mwenyewe mwaka 2016 kwamba ni mazulia ya sakafuni ya IKEA, wameyakata, wameyanyoa, wameyapaka rangi, wameyachakaza, wakaweka mikanda ya ngozi mizito. Zulia la dukani! Na wakati huo huo kuna kazi zinatumia mamia ya mamilioni ya dola alafu askari wanaonekana wamekodi nguo jana. Hela sio tatizo, tatizo ni mtu wa maleba kuitwa mwisho wakati kila kitu kimeshaamuliwa.

Na rangi jamani. Kila jeshi siku hizi ni nyeusi na kahawia na kijivu, ngozi nyeusi yenye misumari, huku nyeusi na kule nyeusi, usiku tena, mvua tena, nani anampiga nani hujui. Watu wa zamani waling'arisha chuma na wakavaa rangi kali nyekundu na bluu na njano kwasababu maisha yao yalitegemea kutambulika. Huko Barnet mwaka 1471 kwenye ukungu, watu wa Warwick, bwana wa Uingereza aliyekuwa anapigana na Mfalme Edward wa Nne, waliona nyota ya mwenzao Earl wa Oxford wakadhani ni jua, alama ya Mfalme Edward, wakawarushia mishale watu wa upande wao, wenzao wakapiga kelele za usaliti na jeshi likavunjika. Vita imepotea kwa alama ya kifuani. George Martin mwenyewe, mwandishi wa vitabu vya Game of Thrones, amesema hadithi yake imechota kwenye vita hizo hizo, sasa mbona rangi hazikuchotwa?

Na asiseme mtu kwamba nataka kila kitu kiwe cha kawaida kisicho na mbwembwe. Mfalme Henry wa Nane alipewa zawadi na Kaizari Maximilian helmeti yenye pembe za kondoo na miwani na uso unaocheka, ipo Leeds makumbusho mpaka leo. Wapanda farasi wa Poland walifunga mabawa ya manyoya ya kweli. Wajapani waliweka mwezi mwandamo wa rangi ya dhahabu juu ya helmeti. Mbwembwe zilikuwepo nyingi ila zilikaa juu ya kitu kinachofanya kazi, ukiing'oa ile pembe helmeti chini yake bado ni helmeti.

Nimalizie na huku kwetu, maana nasikia maprodyuza wetu nao wanataka kuanza kutengeneza hadithi za falme na vita za kale na za kutunga, na naogopa watakopi ile ngozi nyeusi yenye misumari waje wawapikie waigizaji ndani yake kwenye jua la Dodoma. Afrika ina deraya yake na ni ya nguo. Kule Bornu na nchi za Kihausa na Sudan wapanda farasi walivaa makoti mazito ya pamba yaliyoshonewa na kujazwa sufi, na farasi naye anavalishwa mwili mzima, vitambaa vya rangi rangi, miraba nyekundu na njano na nyeupe, wengine na deraya ya pete juu yake. British Museum wanayo ya farasi iliyotoka Sudan karne ya 19. Ukiiona picha yake utasema ni fantasi tupu lakini ni nguo ya vita ya kweli, na kila kilichomo tunacho hapa, msufi upo, kitambaa kipo Kariakoo, cherehani zipo kila mtaa, mafundi tupo. Haipigi kelele kwenye maiki, haimuumizi mtu akianguka, na kwenye kamera inapendeza kuliko plastiki iliyopakwa rangi ya fedha.

Kwahiyo ombi langu kwa prodyuza yeyote anayesoma hapa, mwite fundi wa maleba siku skripti inasomwa, sio wiki ya kushuti. Mwambie nani anapigana na nani, kwa silaha gani, atajeruhiwa wapi, ili sehemu hiyo iachwe wazi kwa makusudi. Shona koti la ndani kwanza ndo uweke cha juu. Alafu kabla ya kwenda lokesheni mvalishe mwigizaji kila kitu, mwambie anyanyue mikono yote miwili juu ya kichwa, apige magoti, alale chali na ainuke mwenyewe bila kushikwa, na pakibana popote irudi mezani siku hiyo hiyo.

Fundi wa maleba,
Mbagala, Dar es Salaam